Redio, simu na mtandao nchi ikiwa na dharura: jinsi ya kupata habari za uhakika na kuwafikia watu wako

Kila msukosuko unapotokea, maswali ni yale yale. Mtandao umezimwa au ni bando langu limeisha? Nishike redio gani? Hii sauti ya WhatsApp inayosema maji yametiwa sumu ni ya kweli? Nimpigie mama sasa hivi au nisubiri? Mwongozo huu unayajibu kwa mpangilio wa kazi, kuanzia siku za utulivu hadi siku mtandao unaporudi. Tumemlenga zaidi msomaji wa Tanzania na Kenya, ila aliyeko Kampala, Bujumbura au Goma ataona mengi yanamhusu, kwa sababu yametokea kwake pia.

Kabla ya yote shika hili: hakuna chombo kimoja cha kutegemea. Tarehe 30 Januari 2018, kiongozi wa upinzani Raila Odinga alipoapishwa Uhuru Park kuwa "rais wa wananchi", televisheni kubwa za Kenya zilizimwa mitambo na watu wakatazama kwa simu kupitia intaneti. Tanzania, siku ya uchaguzi ya tarehe 29 Oktoba 2025, mambo yakawa kinyume: data ikakatwa nchi nzima kwa siku kadhaa, wakabaki na redio na simu ya kawaida. Bujumbura, Mei 2015, baada ya jaribio la mapinduzi, redio binafsi zilivamiwa na kuchomwa, waandishi wakahamia kurusha taarifa za sauti kwa WhatsApp. Matukio matatu, na kila mara kilichoanguka ni kingine. Kwa hiyo gawa kazi: redio kwa matangazo, meseji ya kawaida kwa familia, intaneti kwa kukagua.

Vitu vya kuwa navyo kabla

- Redio ndogo ya betri inayoshika FM, masafa ya kati (MW au AM) na masafa mafupi (SW). Redio ya FM peke yake haitoshi. Sababu iko hatua ya 2.
- Betri jozi mbili za ziada, zikae nje ya redio. Zikiachwa ndani miezi mingi huvuja na kula vyuma vya kushikia.
- Simu ya batani (kiswaswadu, au kabambe kwa wa Kenya). Betri yake hukaa siku kadhaa.
- Laini mbili za kampuni tofauti, zote zimesajiliwa na zote zina salio la fedha. Bando la intaneti halisaidii data ikikatwa, kwa hiyo acha salio la kupigia na kutumia meseji.
- Vocha za kukwangua, mbili au tatu za kila laini. Ukizoea kununua salio kwa simu, kumbuka huduma za fedha nazo huweza kusimama. Uganda ilitokea hivyo Januari 2021, mtandao ulipozimwa usiku wa kuamkia uchaguzi.
- Pawabenki ya 10,000 mAh. Usidanganyike na namba iliyoandikwa juu: sehemu ya umeme hupotea njiani, hivyo simu yenye betri ya 4,000 hadi 5,000 itajaa kama mara moja na nusu.
- Pesa taslimu za matumizi ya siku tatu hadi tano, noti ndogondogo.
- Daftari na kalamu. Usiliache hili ukidhani simu inatosha. Simu ikizima, namba zote zimezima nayo.

Hatua ya 1: Andika watu na namba

Kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari andika namba za watu wako kumi wa karibu. Kisha chagueni mtu mmoja wa kati, anayeishi mbali na mlipo: mko Dar es Salaam, awe binamu aliyeko Dodoma, mko Nairobi, awe shangazi Mombasa. Kila mmoja akipata nafasi anamtumia huyo meseji moja, naye anawajulisha wengine. Familia ya watu kumi na wawili ikianza kutafutana mmoja mmoja, simu ni nyingi mno, na mnara wenu tayari umeelemewa.

Ndugu walio nje, Muscat, London au Minneapolis, nao wapewe mtu mmoja wa kumpigia. Mara nyingi data ikikatwa simu za kawaida kutoka nje huendelea kuingia, ila ndugu saba wakimpigia bibi mfululizo, betri yake itaisha kabla ya jioni.

Ukurasa wa pili, namba za dharura. Tanzania: 112 polisi, 114 Zimamoto na Uokoaji, 199 Wizara ya Afya kwa taarifa za magonjwa. Kenya: 999 au 112, na 1199 ya Msalaba Mwekundu. Ongeza namba ya mwenyekiti wa mtaa au chifu, ya zahanati iliyo karibu, na ya mtu mwenye gari jirani.

Hatua ya 2: Tayarisha redio

FM husikika vizuri lakini haifiki mbali. Kwenye tambarare ni kilomita 50 hadi 100 hivi kutoka mnarani, na mlima ukikaa katikati ndiyo basi. Zaidi ya hapo, FM ni rahisi kuzimwa: mtambo uko ndani ya nchi na leseni iko ndani ya nchi. Burundi ilisimamisha BBC na VOA Mei 2018. Kongo, mwishoni mwa Desemba 2018, matokeo ya uchaguzi yakisubiriwa, mtandao ulikatwa na RFI, redio ya Ufaransa, ikaondolewa kwenye FM. Masafa mafupi hurushwa kutoka mbali, mara nyingi nje ya nchi, ndiyo maana redio yenye SW ina thamani hata kama mwaka mzima huigusi.

Fanya hivi jioni moja ya kawaida:

a) Zungusha FM yote taratibu. Andika kila stesheni yenye taarifa ya habari: namba ya masafa, jina, saa ya taarifa. Lazima iwemo ya taifa (TBC Taifa, au KBC Radio Taifa), moja kubwa ya binafsi, na moja ya kijamii ya hapo mlipo. Hii ya mwisho watu huipuuza, na ndiyo itakayotaja daraja la kwenu kwa jina.

b) Hamia MW baada ya saa moja usiku. Masafa haya husafiri mbali zaidi gizani.

c) Hamia SW. Usiku tafuta kati ya 5.9 na 7.5 MHz, mchana panda 15 hadi 18 MHz. Matangazo ya Kiswahili kutoka nje hayako hewani siku nzima, hivyo ukikuta kimya usidhani redio mbovu. Andika saa uliyoisikia. Rudia zoezi mwanzoni mwa Aprili na mwanzoni mwa Novemba, kwa sababu ratiba za masafa mafupi hubadilishwa mara mbili kwa mwaka, mwishoni mwa Machi na mwishoni mwa Oktoba.

d) Sauti ikiwa dhaifu, chukua kipande cha waya wa umeme (usiochomekwa popote) cha mita 5 hadi 10, menya ncha moja, izungushie kwenye antena, ncha nyingine ipeleke dirishani au kwenye mti. Uondoe waya huo kabla radi haijaanza kupiga.

Kwa wa Kongo, Radio Okapi, redio ya Umoja wa Mataifa, inatangaza pia kwa Kiswahili tangu 2002 na inashikika kwa FM kwenye miji mingi. Iandike.

*Onyo.* Redio kuwa redio hakuifanyi iwe kweli. RTLM ya Rwanda, iliyoanza Julai 1993, mwaka uliofuata, wakati wa mauaji ya kimbari, ilikuwa ikitaja majina ya watu na mahali walipojificha ili wauawe. Wakuu wake walihukumiwa Arusha Desemba 2003. Stesheni ikianza kutaja kabila, namba za magari au nyumba za watu, zima, na usirudie maneno yake popote.

Hatua ya 3: Tayarisha simu

Zima upakuaji wa picha na video unaojiendesha kwenye WhatsApp (Mipangilio, kisha Hifadhi na data). Video hamsini za grupu zikishuka zenyewe ndizo zinazomaliza bando na betri. Pakua ramani ya mkoa wako kwenye programu ya ramani ili ifunguke bila data. Hifadhi picha za vitambulisho na kadi za kliniki kwenye simu yenyewe. Zilizoko kwenye hifadhi ya mtandaoni hutazipata.

Zipo programu za kutuma ujumbe bila intaneti, kama Briar na Bridgefy, zinazotumia Bluetooth. Zinafaa nyumba kwa nyumba, kwani umbali wake ni makumi ya mita, na programu lazima iwe imeshawekwa kwenye simu zote mbili, yako na ya mwenzako, kabla ya mtandao kukatika. Usizipe kazi ya kumfikia mtu wa mkoa mwingine.

Kuhusu VPN, yaani programu ya kupita kwenye vizuizi vya mtandao: Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, iliagiza watumiaji wa VPN Tanzania watoe taarifa na kusajili matumizi yao. Jua sheria ya mahali ulipo. Na jua pia kwamba data ikikatwa kabisa VPN haina inachoshika. Husaidia pale tu ilipozuiwa programu moja moja.

Hatua ya 4: Saa ya kwanza

Habari imelipuka. Fuata mpangilio huu, usiruke.

1. Tuma meseji moja kwa mtu wa kati (hatua ya 5). Sasa hivi, kabla minara haijaelemewa. Umeme ukikatika, minara mingi hubaki na betri ya saa chache tu.
2. Washa redio. Sikiliza stesheni mbili tofauti kwa dakika kumi kumi.
3. Andika kwenye daftari yaliyotangazwa: mahali, saa, agizo. "Msitoke", "hameni bondeni", "barabara fulani imefungwa".
4. Ndipo ufungue mtandao, dakika kumi na tano, kukagua ulichosikia. Funga.
5. Weka saa za kusikiliza: asubuhi, mchana, jioni, usiku. Katikati zima redio, weka simu hali ya ndege.

Kosa kubwa la saa ya kwanza ni kuanza na namba 4 na kubaki humo. Saa mbili baadaye una asilimia ishirini ya betri, umeona video arobaini, na hujui kama barabara ya kwenda shuleni kwa mtoto inapitika.

Idadi ya waliokufa inayotajwa saa za mwanzo usiibebe, hata akiitaja mkubwa. Shambulio la jengo la maduka la Westgate, Nairobi, Septemba 2013, taarifa rasmi zilisema jengo limedhibitiwa huku shambulio likiendelea. Lilidumu siku nne na waliouawa walikuwa 67. Maafisa nao wakati ule wanaokota habari vipande vipande. Subiri vyombo viwili visivyonakiliana vitaje jambo moja.

Hatua ya 5: Meseji ya familia

Meseji ya kawaida hupenya mahali simu ya sauti inakwama, kwa sababu hutumia nafasi ndogo sana ya mnara na hujipanga foleni yenyewe hadi ipite. Iwe na herufi zisizozidi 160. Ukiweka emoji hata moja, nafasi hushuka hadi 70 na ujumbe hukatwa vipande. Mfano:

> Shikamoo mama. Niko salama kwa shangazi Mbagala, watoto wote wawili ninao. Nitawasha simu saa 1 asubuhi, 7 mchana na 1 usiku. Usitoke.

Mambo manne yamo: hali, mahali, nani yuko nami, nitapatikana lini. Usiandike "nipigie haraka" wala "mambo mabaya huku". Mpokeaji hatalala, na hana cha kufanya.

Hatua ya 6: Kukagua ujumbe kabla ya kuufowadi

Hapa ndipo madhara makubwa hutokea, na ndipo uwezo wako ni mkubwa zaidi. Kenya ya mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008, matangazo ya moja kwa moja yalipigwa marufuku tarehe 30 Desemba, na pengo hilo likajazwa na meseji za chuki na uvumi. Zaidi ya watu 1,100 walikufa katika ghasia zile. Waliofowadi meseji ya "wanakuja usiku huu", huenda wengi wao walikuwa na nia ya kuwaonya majirani. Nia njema haikuzuia watu kuchukua mapanga.

Anza na ujumbe wenyewe. WhatsApp huweka mishale miwili juu ya ujumbe uliofowadiwa mara nyingi. Ukiiona, jua aliyekutumia hakushuhudia, na huenda aliyemtumia yeye hakushuhudia. Muulize swali moja: "Umeona wewe, au umetumiwa?" Ukijibiwa "nimetumiwa", ujumbe unaishia kwako hadi ukaguliwe.

Kisha:

*Picha.* Kwenye Chrome bonyeza picha kwa muda mrefu, chagua kutafuta kwa Google Lens. Au ipandishe kwenye tovuti ya TinEye na upange matokeo kuanzia la zamani. Ikijitokeza kwenye ukurasa wa miaka mitatu nyuma, umemaliza.

*Video.* Piga picha ya skrini tatu: mwanzoni, katikati, na palipo na bango au gari. Zitafute kama picha.

*Mahali.* Hii haihitaji data. Tazama magari yanaendeshwa upande gani: Tanzania, Kenya na Uganda ni kushoto, Kongo, Rwanda na Burundi ni kulia. Video ya "Mwanza leo" yenye magari upande wa kulia si ya Mwanza. Namba za magari ya watu binafsi: za Tanzania huanza na T, za Kenya K, za Uganda U. Soma mabango ya maduka, rangi ya sare za shule, matangazo ya kampuni za simu ukutani. Sikiliza lafudhi ya wanaopiga kelele nyuma. Kama jana ilinyesha kwenu mchana kutwa, na kwenye video vumbi linatimka, uliza.

*Sauti.* Ni ngumu kuliko zote, kwa kuwa haina cha kutafuta, na siku hizi sauti ya kiongozi hutengenezwa kwa kompyuta. Sauti isiyotaja jina la msemaji, tarehe wala mahali, inayomalizia na "watumie wote unaowapenda", ifute.

*Barua na matangazo rasmi.* Angalia tarehe, namba ya kumbukumbu na jina la aliyesaini, kisha nenda kwenye ukurasa wa taasisi yenyewe. Barua nyingi zinazozunguka ni za kweli ila ni za mwaka jana. Tahadhari za hali ya hewa ndizo huongoza kwa hili. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutumia ngazi tatu, Angalizo, Tahadhari na Tahadhari Kubwa, na kila tangazo lina siku zake. Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilitangazwa siku kadhaa kabla ya kufika pwani karibu na Mafia, taarifa zikibadilishwa kadiri kilivyosogea. Aliyeshika tangazo la juzi alikuwa na mahali na nguvu zisizo zenyewe.

*Wakaguzi.* PesaCheck huchapisha pia kwa Kiswahili. Africa Check wana ofisi Nairobi. Tanzania wapo JamiiCheck na Nukta Fakti. Tafuta maneno makuu ya uvumi kwenye kurasa zao.

Usipoweza kuthibitisha, usifowadi, hata ukiwa umetanguliza "sijui kama ni kweli". Msomaji wa tatu atayakata maneno hayo. Sheria nazo ni kali: Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ina faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3 kwa kusambaza taarifa za uongo, Kenya, sheria ya 2018 iliweka hadi milioni 5 za huko au miaka 10.

Hatua ya 7: Mtandao ukilegea au ukikatika

Usianze kuzima na kuwasha simu. Pima kwanza, dakika tano:

- WhatsApp haifunguki, tovuti ya gazeti inafunguka: programu moja imezuiwa.
- Kila kitu kinafunguka kwa kujikokota na picha hazitokei: kasi imepunguzwa, au mnara umeelemewa. Jaribu saa kumi usiku. Ikiwa ni msongamano, utaona nafuu.
- Laini ya kampuni moja haina data, nyingine inayo: hitilafu ni ya kampuni au ya mnara wao.
- Laini zote hazina data, simu na meseji zinaenda: ama data imekatwa, ama njia kubwa ya mawasiliano imeharibika. Usikimbilie kusema "serikali imezima". Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na Afrika Mashariki nzima ikasuasua bila agizo la mtu yeyote. Redio itakuambia ni lipi.
- Hakuna data, simu wala meseji: panda mahali pa juu au sogea kilomita moja mbili uone kama mnara mwingine unashika, iwapo ni salama kutoka. Vinginevyo umebaki na redio na miguu.

Huduma za fedha zijaribu kwa namba za nyota na reli (*334# kwa M-Pesa ya Kenya, *150*00# kwa ya Tanzania) badala ya programu. Zikikubali, toa kinachohitajika kwa siku mbili na uache. Wakala naye fedha zake si nyingi.

Hatua ya 8: Daftari la uvumi la mtaa

Hatua hii ni ya kiongozi wa mtaa, imamu, mchungaji, mwalimu, admini wa grupu. Mfano mzuri uko Tana Delta, Kenya. Baada ya mapigano ya Wapokomo na Waorma ya 2012 na 2013, ambamo uvumi ulichochea visasi, ulianzishwa mpango wa Una Hakika: mwananchi anaripoti uvumi kwa meseji au simu, wahusika wanaulizia kwa machifu, polisi na watu wa kujitolea vijijini, kisha jibu linarudishwa kwa wale wale walioufikia uvumi. Si lazima muwe na kompyuta. Chora safu sita:

saa | maneno yenyewe | nani kaleta | kaona au kasikia | nani wa kuthibitisha | jibu na saa ya jibu

Safu ya pili iandikwe neno kwa neno. Ukifupisha unazalisha uvumi mpya. Safu ya tano iwe na mtu aliye pale panapotajwa: mfanyakazi wa zahanati inayosemwa imechomwa, mvuvi wa gati linalosemwa limefungwa. Jibu likipatikana, litangazwe kwa njia ile ile uvumi ulikopitia. Uvumi uliotembea kwenye vijiwe vya bodaboda haukanushwi kwa bango la ofisi ya kata. Na usilitangaze swali kabla ya jibu: "jamani, ni kweli kisima kimetiwa sumu?" ni tangazo tosha.

Majina ya walioleta habari yakae kwa mtu mmoja, yasipigwe picha.

Hatua ya 9: Ukiwa shahidi

Rekodi ukiwa salama, simu ukiishika kwa upana, na utamke tarehe, saa na mahali mwanzoni. Hifadhi nakala asili. WhatsApp hubana video na kufuta taarifa zake za ndani, hivyo ukimpelekea mwandishi au mwanasheria itume kama faili.

Usirushe mahali vikosi vya uokoaji vilipo wakati kazi inaendelea. Anayeshikilia mateka naye ana simu. Usirushe nyuso za majeruhi, wala maiti. Baada ya shambulio la hoteli ya DusitD2, Nairobi, Januari 2019, Wakenya walilikasirikia gazeti la Marekani lililochapisha picha za waliouawa, na walikuwa na haki: kuna mke aliyekuwa bado anasubiri simu. Hali hiyo hiyo ni kwa "status" yako.

Hatua ya 10: Mtandao unaporudi

Siku ya kwanza ndiyo ya hatari kwa ukaguzi. Meseji za siku tano hushuka kwa pamoja, zile za kale zikionekana mpya. Tazama saa ya kutumwa kabla ya kusoma. Usisambaze chochote saa ishirini na nne za kwanza ila habari za watu wako. Rudia hatua ya 6 kwa kila video, maana zilizopigwa kweli huchanganyika na za nchi nyingine.

Shida za kawaida

*Stesheni zote zinapiga muziki tu.* Huenda zimekatazwa kutangaza habari au zinaogopa. Hamia MW na SW, na usikilize redio ya mkoa jirani au nchi jirani: Tanga hushika za Mombasa, Bukoba za Uganda, Kigoma za Burundi.

*SW inakwaruza mno.* Zima taa za LED, toa chaja zote kwenye soketi, sogea dirishani, tumia betri badala ya umeme. Bado? Sogeza sindano kidogo sana, kwenye SW nukta moja ni stesheni nyingine.

*Meseji inasema imeshindwa kutumwa.* Angalia salio kwanza, watu wengi husahau. Kisha fupisha iwe chini ya 160, ondoa emoji, jaribu kila nusu saa. Kuibonyeza mara ishirini mfululizo kunaongeza foleni.

*Simu inaonyesha 4G lakini hakuna kinachofunguka.* Alama ile inaonyesha simu imeunganishwa na mnara tu; mbele ya mnara njia inaweza kuwa imefungwa. Rudi hatua ya 7.

*Mzee wa nyumbani anaamini kila sauti ya WhatsApp.* Usimbishie mbele ya watu. Muombe asikilize nawe taarifa ya saa moja usiku, kisha mfungulie sauti ile na umuulize, "Baba, huyu amejitaja ni nani?"

*Taarifa za magonjwa zinapingana.* Kwa dalili, dawa na mahali pa kwenda, piga 199 Tanzania au 719 Kenya. Marburg ilipotangazwa Kagera Machi 2023, muhimu kwa mwananchi ilikuwa kujua dalili, kutogusa mgonjwa wala maiti, na kituo kipi kinapokea. Ujumbe wowote unaoleta tiba ya jikoni badala ya hayo matatu, uache.

*Betri ya redio imeisha na maduka yamefungwa.* Toa za saa ya ukutani, tochi au rimoti. Nyingi ni ukubwa ule ule. Usichanganye mpya na iliyochoka, mpya itaisha upesi. Gari au bodaboda yenye redio ikiwepo jirani, kubalianeni na mwenyewe saa ya kusikiliza, watu wasizidi wachache, na mmoja aandike.